Ramani na daftari vikae pamoja



Naomba unipe nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda wengine watasema halimhusu mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini. Jambo lenyewe ni ramani, na hasa namna ramani zinavyowekwa, au zisivyowekwa, ndani ya mifumo ya kompyuta ambayo ofisi zetu na mashirika yetu hutumia kila siku kukusanya kodi, kutoa leseni, kugawa maji na kuhesabu wanafunzi.

Hapa Buhemba dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Waingereza walikuja wakaondoka. Miaka ya 2000 ikaja Meremeta, ambayo habari zake zilizungumzwa sana Bungeni, na baadaye mgodi ukawa chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Wakati wote huo wachimbaji wadogo wamekuwapo na maduara yao na makarasha yao. Mimi siwalaumu. Wengi wao ni wazazi wa watoto ninaowafundisha, na sare na madaftari ya watoto hao hutoka katika mawe hayo hayo. Lakini duara likiisha mali huachwa wazi. Mvua zikinyesha hujaa maji, nyasi zikaota ukingoni, na mtoto wa Darasa la Pili anayekatiza njia ili awahi namba halioni.

Niliwahi kutaka kujua duara moja lililo karibu na njia ya wanafunzi ni la nani, ili mwenyewe aombwe alifukie. Ofisi ya kwanza (sitaitaja) walikuwa na orodha ya leseni lakini hawakujua shule iko upande gani. Ofisi ya pili walikuwa na orodha ya shule, na idadi ya matundu ya vyoo, lakini habari za leseni si zao. Kijijini tunaijua njia na tunalijua duara, lakini hatuna orodha yoyote. Kila niliyemwendea alikuwa mwungwana, na kila mmoja alikuwa na kompyuta mezani. Kila mmoja alikuwa na kipande cha jibu. Hakuna aliyeweza kuweka kipande chake juu ya kipande cha mwenziwe.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu hudhani ramani ni picha ya kutundika ukutani. Ramani ndani ya kompyuta ni daftari, ila kila mstari wake umepewa mahali pake duniani kwa latitudo na longitudo. Daftari la leseni likiwa na latitudo na longitudo, na daftari la shule likiwa nazo, basi mashine inaweza kuulizwa swali ambalo karani hawezi kulijibu kwa kupekua mafaili mwezi mzima: ni shule zipi ziko ndani ya nusu kilomita ya leseni iliyokwisha muda wake? Jibu lake huja kabla chai haijapoa.

Wala si kwamba nchi yetu haina mfano mzuri. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania peke yao, kwa miaka 7, na kwa madini kama dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Mipaka yake huandikwa kwa nukta za pembeni. Wizara ya Madini imekwisha kuiweka ramani ya leseni katika mtandao, ambapo mtu anaweza kuona eneo, aina ya leseni na tarehe yake. Ramani hiyo haikutengwa na daftari la maombi na malipo. Mtu wa pili akiomba eneo ambalo wa kwanza bado analo, mfumo wenyewe huonyesha kwamba wanagongana. Wazee wanaokumbuka enzi za mafaili wanajua ni magomvi mangapi yalitokana na viwanja viwili kuchorwa mahali pamoja katika karatasi mbili.

Mfano wa pili ni Arusha. Jiji lile lilikuwa na majengo kama 23,000 hivi katika daftari lake la kodi ya majengo. Ulipoletwa mfumo wa mapato wa serikali za mitaa wenye ramani, chini ya mradi wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na majengo yakahesabiwa kutokana na picha za setilaiti, yalionekana majengo zaidi ya laki moja. Nyumba hizo hazikujengwa usiku mmoja. Zilikuwapo, zinaonekana na kila mpita njia, ila daftari lilikuwa halina macho.

Sasa linganisha na njia nyingine tuliyoichukua. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika LUKU tunaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa wepesi wa kukusanya, njia hii haina mpinzani, na anayesema vingine hajawahi kupanga foleni. Lakini tunachokitoza hapa ni mita, na mita si nyumba. Iko nyumba moja yenye wapangaji watatu na mita tatu. Iko mita moja inayolisha nyumba mbili. Na nyumba isiyo na umeme haionekani kabisa. Mfumo wa umeme ungekuwa umeunganishwa na ramani ya majengo, mambo haya yangejirekebisha yenyewe, bila mwananchi kwenda na barua mkononi kueleza kwamba ana nyumba moja tu.

Nchi hii imekwisha kutoa jasho kuipata ramani hiyo. Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapigwa namba, na kila anwani ikaingizwa katika mfumo wa kitaifa pamoja na mahali ilipo. Mwezi Agosti mwaka huo huo ikaja sensa, tukahesabiwa watu 61,741,120, na kwa mara ya kwanza majengo nayo yakahesabiwa. Hazina hii ni kubwa. Swali langu ni hili: ni ofisi ngapi zinazoitumia kila siku, ndani ya mfumo ule ule ambao karani anaufungua asubuhi? Kibao cha namba kikiwa ukutani na karani bado anaandika «karibu na mwembe mkubwa», basi tumepaka rangi tu.

Nasema hivyo kwa sababu tulikwisha kuonja hasara ya ramani inayokaa peke yake. Kati ya 2011 na 2013 vituo vya maji vya vijijini nchi nzima vilipitiwa kimoja kimoja. Watu walitembea na GPS, wakaandika kituo kiko wapi, nani alikijenga, nani alitoa fedha, na kama kinatoa maji. Vituo zaidi ya 70,000 viliandikwa, na ikaonekana karibu 4 katika kila 10 havitoi maji. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini pampu haisomi takwimu. Iliyokuwa nzima mwaka 2012 ikafa 2014, iliyokuwa mbovu ikatengenezwa, na ramani ikabaki na habari za siku ile aliyopita mwandikaji. Kuirekebisha ilikuwa kazi ya ziada juu ya kazi nyingine za mhandisi wa wilaya, na kazi ya ziada, ndugu zangu, tunajua hufanywa lini.

Tangu 2019 tunayo RUWASA, na wananchi wanalipia maji kupitia vyombo vyao vya jamii. Basi hapa dawa ni nyepesi. Daftari la malipo lifungamane na nukta ya kituo. Kituo kisipoingiza senti kwa miezi miwili, nukta yake igeuke nyekundu yenyewe mbele ya mhandisi. Hakuna haja ya kutuma mtu na pikipiki kwenda kuuliza kama bomba linatoka. Malipo yamekwisha kusema.

Ninapofundisha ramani darasani huwaambia watoto kwamba ramani kamili ina jina, fremu, ufunguo, dira na skeli. Vitabu vinaishia hapo. Mimi huwaongezea la sita, nalo ni tarehe. Wilaya yetu ya Butiama haikuwapo katika ramani nilizosomea mimi. Tulikuwa sehemu ya Musoma Vijijini. Na katika karatasi za zamani za skeli ya 1:50,000 utakuta majina ya mahali ambapo watu walihama wakati wa Operesheni Vijiji ya 1974. Ramani isiyolishwa na kazi ya kila siku huzeeka haraka kuliko mwalimu.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alichukua majina kutoka daftari la vifo vya kipindupindu akayaweka juu ya ramani ya mitaa, akaonyesha kwamba vifo vilizunguka pampu moja ya Broad Street. Daftari peke yake halikuonyesha hivyo, wala ramani ya mitaa peke yake. Leo kampuni kama SAP ya Ujerumani, ambazo huuza programu za mahesabu, ghala na mishahara kwa mashirika makubwa, zimeweka ramani ndani ya programu hizo hizo. Jirani zetu wa Rwanda walipima na kuandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 katika miaka michache, kisha wakavitia katika mfumo mmoja wa usajili, ili shamba likiuzwa daftari na ramani vibadilike pamoja. Sisemi tuige kila kitu. Rwanda ni ndogo, na mashamba yetu hayajapangwa kama yao.

Hata hapa Mara tunao mfano wa kujifunza, na haukutoka ofisi kubwa. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa ng'ambo, wamekuwa wakichora barabara na nyumba za vijiji vyetu kutokana na picha za setilaiti, na wenyeji wakaongeza majina kwa simu. Shirika la kina mama linaloongozwa na Ndugu Rhobi Samwelly, ambalo huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji katika Serengeti na Butiama, limezitumia ramani hizo kuvifikia vijiji. Msichana anapopiga simu usiku wa Desemba akisema yuko kijiji fulani, gari haliwezi kuongozwa na ramani yenye doa jeupe. Hapa ramani imeingia ndani ya kazi yenyewe, na pale inapochelewa anayelipa ni mtoto.

Wapo watakaonipinga. Wapo wachimbaji wadogo niliozungumza nao ambao waliniambia wazi: «Mwalimu, ukitia maduara yetu katika ramani, wenye fedha watakuja na leseni juu ya vichwa vyetu.» Hofu hii sidhani ni ya kijinga. Mara nyingi anayejua kusoma ramani ndiye hufika wa kwanza. Lakini ramani ya leseni iko tayari mtandaoni na hao wenye fedha wanaiona kila siku. Asiyeiona ni mchimbaji wa hapa. Kwa hiyo, kuficha hakumlindi. Kinachoweza kumlinda ni yeye kuiona ile ile wanayoiona wao. Nashauri ramani ya leseni za kila kijiji ichapishwe na kubandikwa ofisi ya kijiji kila robo mwaka, kwa Kiswahili, ikiwa na tarehe.

Wengine watasema hakuna watumishi wa kukusanya habari. Nao nawajibu hivi. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022, Serikali ilivigawa kwa walimu. Changu kiko mezani ninapoandika barua hii, na ndani yake mna GPS. Kwa siku moja ya Jumamosi walimu wa kata hii, pamoja na wenyeviti wa vitongoji, tunaweza kutembea njia zote za wanafunzi na kuandika kila duara lililo wazi, mahali pake na kina chake kwa kukadiria. Hatuhitaji posho ya kutisha. Tunachohitaji ni kuambiwa habari hizo tuzipeleke wapi ili ziingie katika mfumo wa leseni na si katika kabati la mtu.

Ombi langu kwa Tume ya Madini, TAMISEMI na Halmashauri ya Wilaya ya Butiama ni kwamba wakubaliane juu ya jambo moja dogo kwa kuanzia: orodha ya shule na orodha ya leseni za kata ya Buhemba ziwekwe juu ya ramani moja, na jina la mwenye kila duara lililo karibu na shule lijulikane kabla ya mvua za masika. Yule asiyejulikana, basi Halmashauri ilifukie na gharama imfuate baadaye. Nangoja majibu ya wahusika katika ukurasa huu huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Buhemba, Butiama,
MARA.