MTI HAUKUI KWA AMRI

Ndugu wafanyakazi,

Gazeti letu hili hunena sana juu ya mishahara, nyumba na likizo, na ni haki linene hivyo. Leo twaomba nafasi tuseme neno juu ya shule. Huenda ndugu mmoja akauliza: watu wa reli wana nini na shule ya Minjila, na reli yenyewe haifiki Tana River hata kidogo? Jibu ni jepesi. Sisi tunaoandika haya twafanya kazi relini, wengine Mombasa, wengine Voi, lakini wake zetu na watoto wetu wako kule, tangu njia panda ya Minjila mpaka Garsen. Karo ya watoto wale hutoka katika mshahara wa reli. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Basi twauliza. Na kabla hatujawauliza wengine, twajiuliza wenyewe, maana katika jambo hili na sisi tumekosa.

Tangu mwaka 2024 serikali imeifanya tarehe 10 Oktoba kuwa Siku ya Mazingira. Ni siku njema. Serikali ilikwisha kutangaza, mwisho wa mwaka 2022, kwamba Kenya itapanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Siku hiyo katika shule moja ya sekondari ya upande wetu watoto walitolewa madarasani, wakachimba mashimo, wakapanda miche ya mwarobaini, mikwaju na miembe. Wageni wakaja na magari, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, soda zikanywewa. Jioni kila mtu akaenda zake.

Baada ya siku chache ukawa mkutano wa wazazi, na wengine wetu tulikuwa nyumbani kwa likizo, tukahudhuria. Msichana mmoja, kiongozi wa wanafunzi, alipewa nafasi awasalimu wazazi. Alisalimu vizuri, kisha akasema: “Wazazi wetu, naomba kuuliza. Miche imepandwa na hakuna ua. Shule ikifungwa, nani atafukuza mbuzi, na mvua ikikosa nani atatia maji? Na tena lori la kuni laja jikoni kila mara. Kuni zile zakatwa wapi?” Akaambiwa salamu zimetosha, akae. Akakaa.

Tuliporudi mwezi wa Februari tulikuta vijiti vikavu ardhini. Mbuzi walikula sehemu yao na jua likala iliyobaki. Na yule msichana hakuwa kiongozi tena. Tulipouliza sababu twaambiwa ana maneno mengi.

Ndugu, yule mtoto aliuliza swali ambalo mtu mzima yeyote pale mkutanoni alipaswa kuliuliza. Na sisi tulikuwepo. Baadhi yetu ni wajumbe wa matawi ya chama. Mombasa hatukubali fundi ahamishwe bila kusikilizwa. Twagonga meza, twaandika barua, twamwita katibu. Lakini Minjila, mbele ya mtoto wetu wenyewe, tuliinamisha vichwa tukatazama viatu vyetu. Jambo hili latuuma, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tuseme kwanza habari ya miti. Watu wa reli hatuwezi kujifanya wageni katika habari hii. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na injini zake za kwanza zilichoma kuni. Misitu ya kando ya njia ilikatwa, hata ikabidi waliotawala walete mikaratusi, mnamo mwaka 1902, ipandwe kwa ajili ya moto wa injini. Mwenye kula kuni bila hesabu mwisho hukosa kuni. Leo injini zetu haziungui kuni tena, lakini majiko ya shule za bweni yaungua kuni. Sufuria ya ugali na maharagwe ya mamia ya watoto si sufuria ya nyumbani. Kwa hiyo shule hupanda miche kwa siku moja, na jiko lake lala miti mikubwa mwaka mzima. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya.

Tuna mfano mwingine mlangoni petu, nao ni mathenge. Mti huu wa miiba uliletwa katika nchi kavu za Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, kwa nia njema, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Lakini mfugaji hakuulizwa, wala mkulima hakuulizwa. Leo mathenge imesambaa Tana River, imefunga njia za ng’ombe, imeingia mashambani, na mbuzi wakila sana matunda yake meno huharibika. Huo ndio mti uliopandwa kwa amri. Tofauti yake na ile miche ya shuleni ni kwamba mathenge haikufa.

Sasa tuseme habari ya uongozi. Tulipokuwa sisi katika shule ya misheni, kiranja alikuwa mtu wa kuandika majina ya wapiga kelele. Alichaguliwa na mwalimu, akamtumikia mwalimu, na wenzake wakamchukia. Kwa chama cha wafanyakazi mtu kama huyo si mjumbe, ni mnyapara. Lakini siku hizo zimepita. Viboko vilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001. Tangu mwaka 2009 umekuwapo mpango wa mabaraza ya wanafunzi katika shule za sekondari, ambamo wanafunzi huchagua viongozi wao kwa kura. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya shule. Kwa hiyo yule msichana hakuomba hisani. Alisimama mahali ambapo sheria yamtambua.

Tena Katiba ya mwaka 2010 yasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi. Haikusema kila mtu aliyemaliza shule.

Wako watakaotuambia: watoto wamekwenda kusoma, waache siasa za miti. Twajibu kwamba katika delta ya Tana miti na maji ndiyo maisha yenyewe. Mwaka 2024 shule za Kenya nzima zilichelewa kufunguliwa kwa muhula wa pili mpaka tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko, na kwetu si mara ya kwanza mto kuwatoa watu majumbani. Mwaka 2012, mwaka ule ule delta yetu ilipoandikwa miongoni mwa ardhi oevu zinazotambuliwa na dunia, watu wetu waliuana kwa ugomvi wa malisho, maji na mashamba. Waliokufa mpaka mwanzo wa mwaka 2013 walipita mia moja. Mtoto wa Mpokomo na mtoto wa Muorma leo wanakaa dawati moja. Wakichaguana, wakagawana kazi ya kutia maji na kulinda ua, wanajifunza kugawana mto. Somo gani lapita hilo?

Wengine watasema: mkiwapa wanafunzi mdomo watafanya migomo na kuchoma mabweni. Ni kweli, mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja za Kenya ziliteketezwa kwa moto. Hatutetei uovu huo hata kidogo. Lakini sisi watu wa chama twajua jambo moja kwa kuliishi: mahali ambapo malalamiko yana mlango, hayatoki dirishani. Anayeruhusiwa kusema mkutanoni hana haja ya kibiriti.

Tena wanafunzi wa nchi hii wamepata kusimama pamoja na miti. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, pamoja na akina mama wa vijijini, na alipoambiwa akae hakukaa. Mwezi wa Januari 1999 alipigwa na kuumizwa pale msitu wa Karura, Nairobi, akipinga msitu ule kugawiwa watu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana kuutetea. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Msitu wa Karura upo hata leo, watu wa Nairobi hutembea humo. Wale walioitwa wenye maneno mengi ndio waliotuachia kivuli.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na tumekubaliana kuyapeleka kwa bodi ya shule kwa maandishi:

1. Viongozi wa wanafunzi wachaguliwe kwa kura za wanafunzi wenyewe, na mwakilishi wao aketi katika bodi kama sheria isemavyo.

2. Miti ya shule iwe mikononi mwa baraza la wanafunzi. Kila kidato kiwe na mstari wake, maji ya kunawia mikono yatiwe mashinani, na miti ihesabiwe kila mwisho wa muhula. Ihesabiwe iliyo hai, isihesabiwe iliyopandwa.

3. Kuni za jikoni ziandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya wazazi. Mathenge ikatwe iwe kuni, maana iko tele na kuikata ni faida mara mbili. Na jiko lijengwe la kubana moto, lisiwe mafiga matatu wazi.

4. Mwanafunzi asivuliwe uongozi kwa sababu ya kuuliza swali. Akishitakiwa, asikilizwe kwanza, kama vile sisi tunavyodai kusikilizwa kazini.

Na upande wetu hatutakwenda mikono mitupu. Tumekubaliana kuchanga senseng’e ya ua na madumu ya maji, na watoto wanaokaa karibu watie maji wakati wa likizo kwa zamu, pamoja na wazazi wao. Ndugu wenye likizo mwezi wa Agosti wahudhurie mkutano wa wazazi, wala wasikae nyuma. Na yule msichana, tutamwomba radhi mbele ya wazazi wale wale, maana mbele yao ndipo tulipomwacha peke yake.

Ndugu, chama hakikuanzia makao makuu. Kilianzia kwa mtu mmoja aliyesimama akauliza swali, na mwenzake akasimama kando yake. Yule mtoto alisimama. Aliyekosekana ni mwenzake. Mkutano ujao asikosekane tena.

Ni sisi, wafanyakazi wa reli wa Minjila na Garsen.