Nundu Ubavuni mwa Tairi

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu, ameniuliza swali ambalo nadhani linazisumbua nyumba nyingi hasa msimu huu wa Desemba, jamaa wanapojiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kula sikukuu na wazee. Tairi la nyuma la gari lao limetoa nundu ubavuni, yenye ukubwa wa nusu yai la kuku. Mumewe anasema nundu hiyo ina miezi miwili sasa na haijafanya lolote, na kwamba fedha za tairi jipya afadhali zingoje hadi ada za shule za Januari zilipwe. Mama huyo anauliza: je, hofu yake ina msingi, au ni woga tu?

Msingi upo, ndugu msomaji, tena ni mkubwa.

Watu wengi hudhani kwamba tairi ni mpira mtupu. La hasha. Ndani ya mpira ule zimefichwa nyuzi ngumu, aghalabu za polista, zinazopita kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine. Chini ya uso unaokanyaga barabara pamezungushwa mikanda ya nyaya za chuma. Kazi ya kuuzuia upepo usilitanue tairi kama puto ni ya nyuzi hizo. Mpira wenyewe hauna nguvu ya kutosha. Ubavuni hamna mikanda ya chuma, bali nyuzi tu, maana ubavu sharti unepe gari linapopita penye mawe na matuta.

Sasa gari likitumbukia shimoni kwa kasi, au likipanda ukingo wa barabara kwa kishindo, tairi hubanwa baina ya ukingo wa shimo na rimu. Baadhi ya nyuzi hukatika papo hapo, ingawa mpira wa nje huenda usionyeshe hata mchubuko. Upepo hupenya mahali pale penye udhaifu na kuusukuma mpira utokeze nje. Ndiyo nundu hiyo. Pengine hutokea siku ileile, pengine baada ya majuma kadhaa, hata dereva akawa amekwisha kulisahau shimo lenyewe.

Matairi membamba ya ubavu, ambayo vijana wa leo huyapenda kwa urembo, huumia upesi zaidi. Tairi lililoandikwa 195/65 R15 lina ubavu wa kimo cha milimeta 127 hivi; lile la 205/45 lina milimeta 92 tu. Urembo huo nafikiri ungewafaa zaidi wenye barabara zisizo na mashimo.

Hoja ya bwana kwamba nundu imekaa miezi miwili haina uzito. Miezi miwili hiyo gari lilikuwa likienda kazini na sokoni, mwendo mfupi, kwa kasi ndogo, likiwa na mtu mmoja au wawili. Safari ya Moshi ni kilometa 550 hivi, na gari litakuwa na baba, mama, watoto, mabegi na pengine gunia la mchele, juani. Kila tairi linapozunguka, mahali pale penye nundu hunepa na kujikunja, joto huongezeka, na nyuzi zilizobakia hubeba mzigo usiokuwa wao. Likipasuka, halitoi ilani. Tena tairi la nyuma likipasuka penye mwendo mkali, mkia wa gari huchepuka na kumtoka dereva mikononi, jambo ambalo ni gumu kulidhibiti kuliko tairi la mbele kupasuka. Kwa hiyo wale wanaolihamishia nyuma tairi bovu, ati usukani usalimike, wanalipeleka mahali pabaya zaidi, mgongoni mwa watoto wao.

Je, fundi hawezi kuitengeneza? Hawezi. Pancha ya msumari katikati ya uso wa tairi huzibwa na maisha yakaendelea, lakini uzi uliokatika ubavuni haurudi. Wako mafundi watakaoshona, watakaobandika kiraka kwa ndani, au watakaotia tyubu. Tyubu huzuia upepo usivuje, lakini ubavu ni uleule uliokatika nyuzi. Wengine hushauri upepo upunguzwe ili nundu inywee. Kweli itanywea machoni, lakini tairi lenye upepo haba hunepa zaidi na kupata moto zaidi.

Hata hivyo, si kila kasoro ya ubavu ni hatari. Huenda ukaona kibonyo, yaani mfereji mwembamba ulioingia ndani, kutoka rimu kuelekea nje. Aghalabu hapo ndipo nyuzi zilipounganishwa kiwandani zikapandana, nako kuna nguvu zaidi. Kilichoingia ndani namna hiyo kisikutie hofu. Kilichotokeza nje ndicho cha kukimbiwa. Nayo nundu ya juu ya uso wa tairi ina maana kwamba mikanda ya chuma imeanza kuachana na mpira, kwa uzee, kwa mzigo au kwa kuendeshwa na upepo mdogo. Dalili yake ni usukani au kiti kutetemeka. Tairi hilo nalo halifai.

Basi mama yetu afanye hivi. Tairi la akiba lifungwe sasa, si njiani, baada ya kutazamwa upepo wake na umri wake. Umri husomwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za mfululizo unaoanza na herufi DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kama tairi la akiba ni lile jembamba la dharura, halifai safari. Mara nyingi limeandikwa lisizidi kilometa 80 kwa saa, nalo ni la kumfikisha mtu dukani tu. Hapo hapana budi kununua. Akinunua la mtumba, alipapase pande zote mbili, hata ubavu wa ndani usioonekana likiwa garini, na asome tarakimu zile. Kipimo cha upepo akitafute kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa kwenye tairi ni upeo tu.

Na kama fedha haipatikani kabisa kabla ya sikukuu, mabasi ya Moshi yapo. Wazee watawapokea vilevile, na gari litangoja uani mpaka Januari.