Daftari la Wiki: Msimu wa Kukung'uta Viatu

Jumatatu

Mvua ya kwanza ya maana imeanguka Marigat, na kabla harufu ya vumbi haijaisha watu wameshaanza kukung'uta viatu. Hakuna aliyetangaza. Mtoto wa jirani, ambaye juzi tu alikuwa akitumbukiza mguu kiatuni huku macho yakiwa barabarani, leo asubuhi nimemwona akigonga gambuti kwenye kizingiti, akalipindua, akagonga tena, ndipo akavaa. Huku chini, kati ya milima ya Tugen na kingo za Laikipia, hiyo ndiyo kalenda. Mvua ikija, maji huingia mashimoni na kumbikumbi hutoka. Nge naye hutoka, akikimbia maji na kufuata chakula.

Wageni kutoka Nakuru na Nairobi hudhani nge humwandama mtu. Hana macho ya kazi hiyo. Anayo, mawili juu ya kichwa na mengine madogo pembeni, lakini haoni mbali. Anachotegemea ni miguu yake minane, inayosikia mtikisiko wa mende akipita mchangani. Kukikaribia kucha, anatafuta ufa unaombana tumbo na mgongo kwa wakati mmoja. Akiupata, anatulia humo mpaka giza lirudi. Kiatu kina ufa wa namna hiyo. Vilevile blanketi lililoachwa sakafuni, mkunjo wa taulo, gunia la mahindi, na sare ya shule iliyotupwa kitini. Ukimkuta humo, hakuja kukutafuta wewe.

Jumanne, usiku

Dukani, pale wanapouza kufuli, betri na nyaya za kuchajia simu, kuna tochi ndogo za mwanga wa urujuani. Wafanyabiashara huzinunua ili kukagua noti bandia. Bei yake haifikii ya kuku mmoja. Nimenunua moja kwa kazi nyingine.

Gamba la nge lina kemikali zinazopokea mwanga huo na kuurudisha ukiwa wa kijani kinachokaribia buluu. Aliyetoka kujivua gamba hang'ai mpaka gamba jipya likomae. Aliyekufa akahifadhiwa ndani ya spiriti kwenye jumba la makumbusho huendelea kung'aa miaka na miaka. Kwa nini anang'aa, wataalamu bado wanabishana. Dhana inayonivutia ni ile inayosema kwamba mwili mzima humsaidia kujua kama amefichika vya kutosha au bado kuna mwanga wa anga unaomfikia. Inalingana na jambo ambalo limechunguzwa kwa spishi kadhaa: usiku wa mbalamwezi hutembea kidogo kuliko usiku wa giza.

Basi nilizima tochi ya kawaida, nikawasha ile ya noti, nikapita polepole kando ya ua wa miiba, kisha kwenye rundo la kuni, kisha nyuma ya choo. Nilichokiona nyuma ya choo kilinirudisha ndani kuvaa gambuti. Kati ya nge waliong'aa pale, mmoja alikuwa mama. Yeye aling'aa mwili mzima, ila mgongoni alikuwa na doa jeupe lisilong'aa: watoto wake. Nge hatagi mayai. Huzaa watoto hai baada ya mimba ya miezi mingi, nao hupanda mgongoni mwake na kukaa huko mpaka wajivue gamba la kwanza, wiki moja au mbili hivi. Nilikuwa na fimbo mkononi. Sikuitumia, na mke wangu bado ananidai maelezo.

Jumatano

Fundi mmoja anajenga nyumba ya mawe karibu na barabara ya kwenda Kampi ya Samaki. Nilipomuuliza kuhusu nge alicheka. "Mzee, ukuta wa mawe usiopigwa plasta ni nyumba mbili. Ya kwako ni ile ya ndani. Ya nge ni ile ya katikati."

Ana hoja. Nge wengi hawawezi kupanda kioo wala bati laini, lakini wanapanda jiwe linalokwaruza bila taabu. Ukuta uliopigwa plasta nje na ndani, mlango unaogusa sakafu, na sakafu ya saruji isiyo na nyufa huwazuia zaidi ya dawa yoyote ya kupuliza. Dawa hizo tunazinunua sana. Gamba la nge lina nta inayozuia dawa isipenye haraka, kwa hiyo mara nyingi tunachofanya ni kumtibua pale alipokuwa amelala na kumwelekeza kitandani. Dawa huua mende, na hapo ina faida yake, maana mende ndio wanaomleta nge. Taa ya sola inayowaka usiku kucha mlangoni pia huwaita wadudu, na nge husubiri pale mwanga unapoishia.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni waliohamishwa na ziwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ziwa Baringo limepanda na kumeza nyumba, shule na malisho. Familia nyingi zimesogea juu kwenye miteremko yenye mawe, zikajenga kwa mabati na nguzo za mti wa mathenge. Wameepa mamba na kiboko. Ila huko juu kila jiwe ulilong'oa kusawazisha sakafu lilikuwa na mwenyewe.

Na mathenge huo! Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka kuwa kero kiasi kwamba mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake matamu akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Leo hatuna kuni nyingine. Kila boma lina rundo la mathenge, na karibu kila rundo limeegemezwa ukuta wa jikoni ili mama asitembee mbali. Hatua chache kutoka ukutani zingetosha. Nimeshauri hivyo nyumbani kwangu na nikaambiwa niwe ninazileta mwenyewe hizo kuni usiku wa mvua.

Alhamisi

Watoto hapa hufundishwa kumwogopa nge mkubwa mweusi mwenye magando manene. Ukitazama vizuri, mwenye magando manene ana silaha mkononi: hukamata na kusaga, na sumu yake mara nyingi ni ya maumivu tu. Wa kuchungwa ni mwenye magando membamba na mkia mnene. Katika maeneo kame ya Kenya wapo wa jenasi ya Parabuthus, ambao hukwaruza mwiba wao kwenye mgongo wa mkia, mahali palipo na vipelevipele, ukasikia mlio mkavu. Huo mlio ni onyo. Kanuni ya magando na mkia si sheria isiyo na kasoro, na hakuna sababu ya kumshika yeyote ili uipime, lakini kwa mtu anayesimama mlangoni na tochi inafaa kuliko rangi.

Nilikwenda zahanati kuzungumza na nesi. Nilimkuta na mama mmoja aliyemleta mwanawe, amechomwa kidole cha mguu usiku uliotangulia. Mtoto alikuwa ameshatulia. Kidole kilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na alama za wembe.

"Nani amemchanja?" nesi akauliza.

"Ni kogo wake, daktari. Alisema sumu itoke." Kogo kwetu ni nyanya.

"Mwambie kogo namsalimu sana. Na mwambie sumu ya nge haitoki kwa wembe. Kinachoingia ni pepopunda."

Alisema bila ukali, na nadhani ndiyo sababu mama yule alisikiliza. Baadaye aliniorodheshea anayoyaona: kamba iliyokazwa mguuni mpaka nyama imegeuka buluu, kitunguu saumu, maji ya betri, na lile jiwe jeusi ambalo wengine huliweka akiba kwa ajili ya nyoka. Jiwe hilo ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hunata kwenye jeraha kwa sababu ni kavu na lina vitundu, na mgonjwa akipona sifa zinakwenda kwake, ingawa watu wazima wengi wanaochomwa na nge hupona hata bila chochote, baada ya usiku mrefu wa kulia.

Yeye huosha kwa sabuni, huweka kitambaa cha maji baridi, hutoa dawa ya maumivu, na maumivu yakizidi hudunga sindano ya ganzi karibu na jeraha. Kisha anamtazama mgonjwa. Kwa mtoto mdogo ndipo kazi ilipo. Mtoto akianza kutokwa mate na jasho, macho yakazunguka ovyo, mwili ukarukaruka, akakosa pumzi, hapo si suala la kidole tena, na gari la kumpeleka hospitali kubwa linapaswa kuwa limeshawashwa. Kiasi kilekile cha sumu kilichomliza baba usiku mzima kinaweza kumzidi nguvu mwanawe wa miaka mitatu, kwa kuwa mwili ni mdogo.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja watu zaidi ya milioni 1.2 wanaochomwa na nge kila mwaka, na vifo zaidi ya 3,000. Shirika la Afya Duniani lilimrudisha nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na Baringo, yenye nyoka wake, ilifurahi. Nge hakupewa nafasi yake humo.

Nchi iliyonifundisha zaidi kuhusu jambo hili ni Mexico. Ina nge hatari kuliko wetu, na zamani watoto walikufa kwa mamia. Walichofanya ni kutengeneza dawa ya kupambana na sumu kwa kutumia damu ya farasi, wakaisambaza mpaka kwenye zahanati za vijijini, wakawafundisha watu kukimbilia zahanati badala ya kusubiri. Vifo vikaporomoka, nge wakiwa bado walewale ukutani. Ng'ambo ya mpaka, huko Phoenix, Arizona, bonde jingine kame ambako nge mwembamba wa rangi ya mchanga hupanda kuta na kutembea darini kwenye nyumba zenye viyoyozi, dawa hiyohiyo ya Mexico iliidhinishwa mwaka 2011. Hospitali zikaanza kuwatoza wagonjwa maelfu ya dola kwa chupa moja, ilhali upande wa pili wa mpaka iliuzwa kwa kama dola 100. Nani angedhani kwamba kwa ugonjwa huu mmoja afadhali uwe maskini wa Guerrero kuliko tajiri wa Arizona?

Zahanati yetu haina dawa mahususi ya sumu ya nge. Ina nesi mmoja mzuri, na pikipiki ya boda boda ambayo usiku wa mvua haivuki lugga, ule mto wa msimu.

Ijumaa

Jirani ameniambia nifuge kuku, watawamaliza nge. Nakubali nusu. Kuku akimkuta nge mchana akiparua chini ya takataka humla, mkia na yote. Tatizo ni saa za kazi: nge anapotoka, kuku amelala. Wa zamu ya usiku ni bundi na kalunguyeye, na wote wawili tunawafukuza, mmoja kwa hofu ya uchawi, mwingine kwa mbwa. Nyani naye ni hodari. Humkamata, humng'oa mkia kwanza, ndipo akala. Lakini atakayealika nyani nyumbani ili apunguze nge, na amuulize kwanza mwenye shamba la mahindi pale Perkerra.

Jumamosi

Umeme umepotea tangu jana, anga iko wazi baada ya mvua. Msimu huu kundinyota la Nge huanza kuchomoza mashariki karibu saa tano usiku, kichwa kikitangulia, ile nyota yake nyekundu ikifuata, na mkia hukamilika baada ya saa sita. Mwezi Julai utamkuta juu kabisa baada ya chakula cha jioni, mkunjo wote wa mkia hadi mwiba. Huyu ndiye pekee ninayeruhusiwa kumwonyesha mjukuu kwa kidole.

Barua

Msomaji wa Kabarnet anauliza kama ni kweli kwamba nge akizungushiwa moto hujiua kwa kujichoma mwiba. Ameambiwa hivyo tangu shule ya msingi. Nami niliambiwa, na nina hakika mwalimu wangu aliambiwa.

Si kweli. Sumu ya nge haimdhuru sana nge mwenyewe. Joto likizidi, misuli hujikunja, mkia hupinda mbele na kupigapiga bila mpango, kisha anakufa kwa kuungua na kukauka. Anayetazama kwa mbali huona mtu aliyekata tamaa.

Vijana wa kwetu walilijaribu jambo hilo jioni moja nyuma ya duka, wakachora duara la mafuta ya taa na kuliwasha. Kabla nge hajaamua lolote alitokea kogo mmoja na fimbo yake. Hakuwauliza habari za nge. Aliuliza mafuta hayo wameyatoa kwenye kibuyu cha nani, akataka jibu papo hapo, na nge akapata nafasi ya kupenya pale moto ulipokuwa hafifu.