Shauri la Juma Hili: Mfuko wa Kulalia Usilowe

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake mzigo wa mtu mwingine huonekana mwepesi machoni pa asiyeubeba. Juma hili nataka kusema habari ya mzigo ambao kwa kweli ni mwepesi kama usufi, nao ni mfuko wa kulalia auchukuao mtu apandaye mlima. Kwa sababu ya wepesi wake watu wengi huudharau wanapofunga shanta. Mimi nami niliudharau, na kosa langu lilikaribia kuniletea msiba.

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 2018, nilipata likizo ya kazi, nikakubali kumpeleka mtoto wa kaka yangu katika Mlima Kenya. Alikuwa kijana wa miaka 17, mwenye nguvu na hamu ya kuona mambo. Kaka yangu aliponikabidhi mwanawe alisema maneno machache tu: "Umrudishe kama ulivyomchukua."

Jioni ya kuamkia safari nilifunga shanta zote mbili mwenyewe. Karani hujiona fundi wa kupanga vitu, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kupanga mafaili. Basi nilitia vyakula vya makopo, sufuria, chupa ya chai, koti zito na viatu vya akiba. Nafasi ilipokwisha, nikaona kwamba mifuko ya kulalia ingali sakafuni. Wangu niliushindilia ndani kwa taabu. Wa kijana niliukunja kama mkeka, nikautia katika kifuko chake chembamba, nikaufunga kwa kamba chini ya shanta, upande wa nje. Nilisimama kando nikautazama mzigo ule, nikajisifu moyoni.

Tulipita njia ya Naro Moru. Usiku wa kwanza tulilala penye kituo cha zamani cha hali ya hewa, katika kimo cha mita 3,050 hivi, wala hapakuwa na neno. Siku ya pili tulitoka msituni tukaingia katika mteremko wa tope ambao kila apitaye njia ile huukumbuka, kwa maana mguu huzama na kiatu hakitaki kutoka. Agosti huhesabiwa kuwa mwezi mkavu, lakini mlima una desturi zake: asubuhi ni jua, na adhuhuri mawingu hupanda. Saa saba mchana mvua ilianza, kisha ikageuka mvua ya mawe. Tulipofika kambi ya Mackinder, iliyo karibu mita 4,200 juu ya bahari, nilifungua mfuko wa kijana, nao ukatoa maji kama nguo itokayo katika karai.

Usiku ule kijana alitetemeka sana. Mnamo saa tatu nilimwuliza neno, akanijibu kwa ulimi mzito kama mlevi, naye hajaonja pombe maishani mwake. Kiongozi wetu, mzee aliyeujua mlima tangu ujana wake, alimwekea mkono shingoni akasema, "Bwana Karani, huyu hatalala peke yake usiku huu." Tulimvua nguo zote zenye maji, tukamvika kavu. Kwa kuwa alikuwa akiweza kumeza vizuri, tulimnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Kisha tulimlaza katikati yetu, tukafungua mfuko wangu tukautandaza juu yetu pamoja na mablanketi ya mzee. Usiku wa manane ulikuwa umepita ndipo maneno yake yakanyoka tena. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Baba Mdogo, usimwambie Baba."

Kulipokucha tuliteremka. Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, tulikiona kwa mbali tu. Na baba yake nilimwambia yote, kwa kuwa kosa halikuwa la mtoto.

Tulipokuwa tukishuka, mzee alinieleza jambo ambalo yampasa kila msafiri kulijua. Mfuko wa kulalia hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kulihifadhi joto la mwili, na hufanya hivyo kwa kushika hewa nyingi iliyotulia katikati ya manyoya ya bata au nyuzi laini zilizomo ndani yake. Mkulima aweza kulifahamu hili kwa kumtazama kuku. Kuku aonapo baridi huyafurisha manyoya yake, lakini akinyeshewa, manyoya humlalia mwilini naye husimama pembeni akitetemeka. Ndivyo ulivyo mfuko. Ukilowa, manyoya hushikamana na hewa hutoka. Tena maji huondoa joto mwilini kwa haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mfuko wenye nyuzi za kiwandani hustahimili unyevu kidogo kuliko wa manyoya, lakini hata huo ukijaa maji haufai kulaliwa.

Kwa hiyo kufunga vizuri si kuufanya mfuko uwe mdogo tu. Shabaha ya kwanza ni kuufikisha kambini ukiwa mkavu, na ya pili ni kuokoa nafasi. Nilitazama ya pili nikaisahau ya kwanza. Haya basi ndiyo mambo niliyojifunza.

Kwanza, kabla ya kutia kitu chochote, tandika ndani ya shanta mfuko mkubwa usiopenya maji, wenye mdomo mrefu wa kukunjwa. Wengine hutegemea kifuniko cha mvua kinachovikwa shanta kwa nje. Kifuniko hicho kinafaa, lakini hakitoshi, kwa sababu maji hutiririka mgongoni na kuingia upande usiofunikwa. Wala usitumie mifuko myembamba ya plastiki, kwani mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi. Nunua mfuko imara utakaokaa miaka.

Pili, mfuko wa kulalia nao uwe na kifuko chake kisichopenya maji. Usiukunje wala usiuviringe. Anza kwa upande wa miguu, uushindilie kwa mkono, konzi baada ya konzi, mpaka mdomo uingie mwisho. Kwa njia hii hewa hupata pa kutokea. Tena mfuko unaokunjwa kila siku mahali pale pale huchakaa penye mikunjo hiyo, bali unaoshindiliwa hupata mikunjo mipya kila mara. Ukimaliza, kandamiza hewa iliyosalia, ukunje mdomo wa kifuko mara tatu, ndipo ufunge.

Tatu, uweke chini kabisa ya shanta. Ni mwepesi, ni mkubwa, tena hutauhitaji mpaka jioni, na kwa hiyo hapo ndipo mahali pake. Lakini angalia jambo moja. Ukiubana kupita kiasi hata ukawa mgumu kama mpira wa miguu, pembeni zitabaki nafasi tupu ambazo huwezi kuzitumia. Afadhali uulegeze kidogo ujitandaze na kujaza pembe zote. Penyenye kando yake soksi kavu na nguo za kulalia, ili vitu vyote vya usiku viwe pamoja.

Nne, vitu vizito, yaani chakula na sufuria, viweke juu ya mfuko huo, karibu na mgongo, kati ya mabega. Vikikaa mbali na mgongo, shanta humvuta mtu nyuma, naye hupanda akiwa ameinama kama mwenye kuchimba viazi. Koti la mvua na maji ya kunywa yakae juu au mfukoni kando, ili usilazimike kufungua mzigo wote mvuani. Mafuta ya jiko yakae mbali kabisa na mfuko wa kulalia, kwa maana yakimwagika yatauharibu, tena harufu yake haitakupa usingizi.

Tano, pima kazi yako ukiwa nyumbani. Mimi niliiweka shanta iliyofungwa uani, nikachukua ndoo nikaimwagilia maji kwa kopo kwa muda wa dakika kumi. Mke wangu alicheka akauliza kama natarajia iote kama kabichi. Nilipoifungua nilikuta soksi moja imelowa, nikajua ni wapi sikukunja vizuri. Ni heri kuyagundua hayo uani kuliko penye baridi ya mlimani.

Sita, kumbuka kwamba mwili hutoa jasho hata usiku wa baridi. Asubuhi, kama kuna jua, ugeuze mfuko nje ndani, uuanike walau wakati wa kunywa chai, ndipo uushindilie. Na urudipo nyumbani usiuache umebanwa katika kifuko chake kwa miezi mingi, kwa sababu manyoya yaliyobanwa muda mrefu hupoteza nguvu ya kufura. Ukaushe barabara, kisha uuning'inize kabatini, au uutie katika gunia kubwa la kitambaa ukiwa umelegea.

Labda msomaji atasema, "Mimi si mpanda milima, maneno haya yanihusu nini?" Lakini vijana wetu wa shule na vyama huenda milimani kila likizo, na mara nyingi sisi wazazi ndio tuwafungiao mizigo, au ndio tuwapao fedha za kununua vifaa. Mkulima hawezi kuacha mahindi yake nje ya ghala kwa sababu ghala limejaa majembe. Huyatoa majembe kwanza. Vivyo hivyo, shanta ikijaa, usitoe mfuko wa kulalia nje. Toa kopo la nyama, toa viatu vya akiba.

Mwaka uliofuata, Agosti 2019, kaka yangu alinikabidhi kijana yule yule kwa mara ya pili, jambo ambalo sikulitegemea. Safari hii nilimwacha afunge shanta yake mwenyewe, mimi nikitazama. Mvua ilitupiga mahali pale pale penye tope. Tulipofika kambini alifungua shanta, akatia mkono mpaka chini, akautoa mfuko wake na kunipa niushike. Ulikuwa mkavu. Kesho yake alfajiri tulisimama juu ya Lenana, mzee, kijana na mimi, tukaliona jua likitoka.