Taa nyekundu haitoi ruhusa ya kucheza

Mchezaji anakimbilia mpira, ghafla anashika nyuma ya paja na kukaa chini. Jukwaani kesi imeshafungwa: "Nyama hiyo, wiki tatu." Siku mbili baadaye picha yake inazagaa mtandaoni, kalala kifudifudi, mguu uko chini ya taa nyekundu. Mashabiki wanashusha pumzi. Jumamosi yumo.

Shida inaanzia hapo. Si kila maumivu ya nyuma ya paja ni msuli. Neva ya siatiki, mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, inaanzia kiunoni, inapita kwenye kalio na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Ikibanwa kule juu, labda na diski ya uti wa mgongo iliyotokeza, maumivu yanasikika pajani wakati paja lenyewe halina kosa. Dalili zake zinajulikana: maumivu yanashuka chini ya goti kama shoti ya umeme, mguu unakufa ganzi, na akipiga chafya ndiyo balaa.

Sasa taa. Miale ya infraredi si uchawi wala si teknolojia ya jana. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua na kukuta joto linapanda mahali ambapo jicho halioni kitu. Kwa hiyo ule wekundu unaopendeza kwenye picha siyo infraredi yenyewe, maana infraredi haionekani.

Kazi yake ipo. Dakika 15 au 20, taa ikiwa kama nusu mita kutoka mwilini, damu inapita vizuri, msuli uliokaza unalegea na maumivu yanapungua. Mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kazi yake anautumia mwanya huo kumfanyisha mchezaji mazoezi ya kiuno na nyonga, na mazoezi hayo ndiyo tiba hasa. Lakini joto kubwa la taa linaishia kwenye ngozi na nyama za juu. Diski iliyotokeza hairudi mahali pake kwa kuota taa.

Marekani walishakutana na habari hii kupitia wagonjwa wa kisukari wenye maumivu ya neva miguuni, waliokuwa wakifungwa pedi zenye vitaa vya infraredi. Oktoba 2006, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilikataa kulipia tiba hiyo kwa sababu ushahidi haukutosha. Mwaka 2008 jarida la Diabetes Care likachapisha utafiti uliolinganisha pedi halisi na za bandia. Tofauti haikuonekana.

Halafu kuna hatari ambayo haisemwi sana. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Mchezaji anaweza kulala chini ya taa akichezea simu, akaamka na malengelenge. Ndiyo maana kabla ya kuwasha taa ngozi inapimwa kwanza, kwa chupa ya maji ya moto na ya baridi, ili ijulikane kama anatofautisha. Ni kipimo cha dakika mbili na hakigharimu chochote.

Wiki ya Dabi ya Kariakoo kila mtu anataka kumuona staa wake uwanjani, na presha hiyo inafika mpaka kwenye chumba cha matibabu. Maumivu yakipoa kidogo tu, jina linarudi kwenye kikosi. Lakini maumivu kupoa na neva kupona ni mambo mawili tofauti. Swali la kuiuliza klabu si kama jamaa bado anaumwa. Je, anaweza kusimama kwa visigino, vidole vikiwa juu? Ganzi imeisha? Ameshapigwa picha ya MRI? Mguu ukianza kuburuza, au akishindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura ya hospitali usiku huohuo, na habari ya taa inaishia hapo.

Na wale maveterani wanaocheza bonanza Jumapili, wanaorudi nyumbani nyayo zikiwaka moto na kwenda kununua taa mjini, waanzie zahanati. Wakapime sukari kwanza.