Risasi zinahesabiwa, dola hazihesabiwi

Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 28 Juni 2024. Tarehe 3 Julai, siku tano baadaye, mahakama ya kijeshi ilikuwa imekwisha kuwakatia askari 25 hukumu ya kifo kwa kosa la kukimbia adui. Kulikuwa pia mashitaka ya wizi, ya kutotii amri, na ya kupoteza risasi za vita. Wake wanne wa askari walisimamishwa pamoja nao, wakaachiliwa.

Siku tano! Mkaaji wa Lubero anayengojea karatasi ya kuzaliwa ya mtoto wake kwa miezi anajua kwamba serkali yetu haina desturi ya kukimbia hivyo.

Hakuna mtu anayesema askari mwenye kuvunja duka la raia aachwe. Familia zilizotoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba na magodoro kichwani zinajua ni nani alibeba mbuzi wao, na si M23 peke yake. Askari akiiba, ahukumiwe. Akibaka, ahukumiwe mara mbili. Lakini katika kesi hizi zote kuna kiti kimoja kinachobaki kitupu. Ni kiti cha yule aliyepokea pesa ya chakula cha askari huyo, ya viatu vyake, ya mafuta ya gari lililopaswa kumletea risasi, ya dawa alipojeruhiwa. Katika sheria ya kijeshi, askari mdogo anaweza kuulizwa habari ya kila risasi aliyopewa. Aliyepewa mamilioni ya dola, nani anamuuliza?

Kazi hiyo ina mwenyewe. Katiba, kifungu cha 100, inasema Bunge linapiga kura sheria na linachunguza serkali. Kifungu cha 138 kinataja hata vyombo vya kazi: swali la mdomo au la kuandika, kumwita waziri ajieleze, kusikilizwa mbele ya komisiyo, komisiyo ya uchunguzi. Kila tarehe 15 Septemba wabunge wanafungua kikao cha bajeti Kinshasa, na kinafungwa tarehe 15 Desemba. Ni miezi mitatu kamili ya kuhesabu pesa ya taifa. Mwaka 2022 walipitisha pia sheria ya mpango wa jeshi ya miaka 2022 hadi 2025, iliyoahidi jeshi jipya, silaha mpya, kambi mpya. Sherehe ya makofi ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa 2025, mwaka wa mwisho wa mpango huo, Goma ilianguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari.

Ilipaswa iwe siku ya kufungua vitabu. Bunge lenye kujiheshimu lingemwita waziri wa ulinzi, waziri wa fedha na mkuu wa jeshi, na kuwauliza kurasa kwa kurasa: sheria yetu iliahidi nini, nini kilinunuliwa, kwa bei gani, kilifika wapi, nani alitia sahihi? Badala yake, kitu kilichoonekana upesi ni mahakama tena. Mwezi wa Machi 2025 majenerali walipelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi kwa kukimbia Goma. Vema, angalau safari hii nyota zilionekana mabegani mwa washitakiwa. Lakini mahakama inauliza nani alikimbia. Haiulizi kwa nini batayo ambayo kwenye karatasi ina watu mia nyingi ilikuwa na wachache hivyo ndani ya handaki. Swali hilo ni la Bunge.

Na msikilizaji asidanganywe kwamba wabunge hawakujua. Hali ya dharura ilianza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021. Mwezi uliofuata Rais Tshisekedi mwenyewe alikuwa Bunia na alisema wazi kwamba kuna mafia ndani ya jeshi. Katika kiangazi hicho wakaguzi wa jeshi walitumwa Ituri, maofisa wakakamatwa kwa kula pesa ya operesheni. Agosti 2021 komisiyo ya ulinzi na usalama ya Bunge la Taifa ikaandika ripoti yake: hali ya dharura ilitangazwa bila matayarisho ya kutosha, na sehemu kubwa ya pesa iliyotoka haikufika mstari wa mbele. Ilibaki Kinshasa. Wabunge wenyewe waliyaandika hayo, kwa wino wao.

Kisha wakafanya nini? Wakaongeza muda wa hali ya dharura. Siku kumi na tano, na tena siku kumi na tano, na tena. Katiba inadai mabaraza yote mawili yakubali kila mara muda unapoongezwa, maana yake kila baada ya wiki mbili Bunge lilikuwa na mlango wa kuingilia: hakuna hesabu, hakuna muda. Mlango huo haukutumiwa. Sheria ya kuongeza muda iligeuka kuwa kama kengele ya misa, inalia tu na watu wanasimama.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wapiganaji wa CODECO waliingia katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, wilayani Djugu, wakaua watu wapata sitini kwa mapanga na bunduki, wengi wao wanawake na watoto. Hali ya dharura ilikuwa na miezi tisa. Gavana alikuwa mwanajeshi, wasimamizi wa wilaya walikuwa wanajeshi na maofisa wa polisi. Hapo pia kulikuwa na kura ya kuongeza muda iliyofuata, na ilipita.

Jibu la waheshimiwa ni moja daima: siri ya ulinzi. Waziri wa ulinzi akija kujieleza, milango inafungwa, waandishi wa habari wanatolewa nje. Ni kweli kwamba vita ina siri zake. Mahali batayo italala kesho ni siri. Saa ya mashambulizi ni siri. Aina ya silaha inayongojewa, basi, nayo iwe siri. Lakini bei ya gunia la mchele si siri ya vita. Idadi ya majina kwenye listi ya mishahara ikilinganishwa na vichwa vinavyosimama asubuhi kwenye mstari si siri ya vita, na adui anaijua kuliko mbunge, kwa sababu adui anaiona kwa darubini kutoka kilima cha pili. Anayefichwa hapo ni mlipa kodi, na mke wa askari anayekaa chini ya bashi lililotoboka nyuma ya kambi, akiuza fretini na makaa ili watoto wale.

Mwezi wa Machi 2025 mishahara ya askari na polisi iliongezwa mara mbili. Ni jambo jema na lilichelewa sana. Lakini kuongeza maji katika mtungi wenye tundu ni kuwanufaisha wanaosimama chini ya tundu. Tangu 2005 ujumbe wa Ulaya, EUSEC, ulikuwa ukieleza jambo rahisi: mkono unaotoa amri usiwe mkono unaolipa mshahara. Askari apokee chake kwenye benki au kwenye simu, kwa jina lake, bila kupitia mfuko wa kamanda. Miaka ishirini baadaye, chakula na pesa ya operesheni bado vina njia ndefu yenye mikono mingi. Na mahali njia hiyo inapokatika, raia anaongezea. Ndiyo maana ya barieri ya kamba na jiwe kila kilometa chache, motari anatoa franga mia tano hapa, elfu moja pale, na mama aliyekimbia vita analipia hata mzigo wa viazi alivyochimba shambani mwake. Bajeti ya jeshi ambayo Bunge halikuihesabu Kinshasa inakuja kuhesabiwa barabarani, mfukoni mwa mkimbizi.

Kuna mambo ya mafunzo, ambayo wabunge huyapita haraka zaidi. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha batayo ya komando ya 391 kambini Kisangani, kwa miezi mingi, na picha nzuri zilipigwa. Novemba 2012 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mara ya kwanza, jeshi lilirudi nyuma hadi Minova. Wanawake na wasichana zaidi ya mia moja walibakwa kwa siku chache, na Umoja wa Mataifa ulizitaja batayo mbili zilizohusika, ya 391 na ya 41. Kujua kulenga shabaha hakumfanyi mtu askari wa taifa. Anahitaji ofisa anayekaa naye, chakula, na kujua hakika kwamba akigusa raia atafuatwa.

Je, walifuatwa? Kesi ya Minova ilisikilizwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, ambayo hukumu yake haina rufaa. Washitakiwa walikuwa 39. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ilisomwa: wawili tu walipatikana na kosa la ubakaji. Wawili. Wanawake waliojifunika nyuso ili watoe ushahidi walirudi makwao, wengine kwa waume ambao walikuwa wamekwisha kuwafukuza.

Ulinganishe: mahakama hizo hizo, kwa kukimbia adui, zinapata askari 25 kwa siku moja. Tarehe 3 Mei 2024 Goma ilikata hukumu ya kifo kwa askari wanane, watano kati yao maofisa, kwa uoga mbele ya adui. Miezi miwili kabla, waziri wa sheria alikuwa ameondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo kilichodumu tangu 2003. Ni jambo la uhai na kifo la taifa zima, na liliamuliwa kwa barua ya waziri.

Sheria ya mahakama za kijeshi, ile ya Novemba 2002, ina kanuni ambayo wabunge wangeweza kuirekebisha: jaji asiwe na cheo kidogo kuliko cha mshitakiwa. Msikilizaji anaona mara moja matokeo. Kapita hamhukumu kanali, na jenerali anahitaji majenerali. Kadiri nyota zinavyoongezeka, majaji wanapungua, na faili linapata usingizi. Tusisahau kwamba kesi ya mauaji ya Goma ya tarehe 30 Agosti 2023, ambapo serkali yenyewe ilikubali vifo zaidi ya hamsini, ilimhukumu kanali wa walinzi wa rais ndani ya wiki tano. Inawezekana basi, wakitaka. Lakini mnyororo wa amri juu ya kanali huyo haukupandishwa kizimbani, na gavana wa kijeshi aliitwa tu Kinshasa.

Wala si askari peke yao wanaoumia. Chini ya hali ya dharura, raia wa Ituri na Kivu Kaskazini naye alisukumwa mbele ya majaji wa kijeshi kwa makosa ya kawaida, mashamba yenye ugomvi, mapigano ya kilabuni, huku majaji wenyewe wakiwa wachache na magereza yakijaa watu wasio na hukumu. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu kubadilisha mahakama wakati wa vita, lakini kinakataza kumnyima mtu rufaa. Mbunge gani wa jimbo amekwenda kuhesabu wangapi wanangojea hukumu katika gereza la Bunia au la Beni?

Wakitaka, wanaweza kukimbia. Mwezi wa Mei 2025 maseneta waliondoa kinga ya Joseph Kabila kwa siku moja ya kura, na kufikia mwisho wa Septemba alikuwa amekatiwa hukumu ya kifo bila kuwapo. Mtu awe upande wowote katika jambo hilo, ameona kwamba miguu ya maseneta haina ugonjwa.

Kwa hiyo wakati wa likizo, waheshimiwa watakapokuja Butembo, Beni, Oicha na Bunia na fulana na chumvi, kuna maswali ya kuwangojea kambini kabla ya ngoma kuanza. Alipopigia kura bajeti ya ulinzi, alisoma ukurasa gani? Ripoti ya Agosti 2021, nani aliyetajwa ndani yake amerudisha hata dola moja? Vijana walioitikia mwito wa Novemba 2022 wa kuingia jeshini, na wazalendo waliowekwa chini ya sheria ya akiba ya ulinzi ya 2023, nani anawafundisha, wanakula nini, na wakiua raia wanahukumiwa na nani? Akijibu kwamba ni siri ya ulinzi, aulizwe bei ya gunia la mchele. Hilo kila mama aliye kambini analijua.