Kadi Isifukuze Chipu

Kuna wenzetu wanaodai ati kompyuta ya maabara ikishawekwa kadi ya picha, ile chipu ndogo ya picha iliyomo ndani ya prosesa haina kazi tena. Mimi nasema hasha!

Ni kweli chipu hiyo ni dhaifu. Haina kumbukumbu yake yenyewe, huazima ya kompyuta. Lakini haili umeme sana. Kadi ina kumbukumbu yake na nguvu za ajabu, ila jamani ni mlafi: RTX 4090 ya NVIDIA, iliyotoka mwaka wa 2022, ikichapa kazi yaweza kula wati 450. Yote hayo ya nini kwa mtu anayeandika insha? Ndiposa mwaka wa 2010 NVIDIA ikaleta Optimus kwa kompyuta za kubebwa: kazi nyepesi inashikwa na chipu, kadi inaamshwa mambo yakiwa mazito.

Sasa nasikia tuombe wazazi pesa za kadi kubwa zaidi, eti matundu ya hii yamejaa na mwalimu hana pa kuchomeka projekta. Tundu si lipo pale kwenye ubao mkuu, limejaa vumbi? Aghalabu kompyuta ikiona kadi huizima chipu, basi tuingie BIOS tuiwashe. Kwanza tusome jina la prosesa, maana za Intel zinazoishia na herufi F hazina chipu hiyo kabisa. Hapo ndipo tutazungumza habari ya pesa.